Siku Tatu za Tohe Mweusi

Harufu ya matete yaliyooza majini hunikamata popote nilipo, hata leo nikipita kando ya mtaro mchafu mjini. Wenzangu huziba pua, mimi husimama. Kwetu, mwendo wa nusu asubuhi kwa mtumbwi kutoka Garsen, harufu hiyo ilimaanisha kwamba Mto Tana umekuja juu, umeingia mashambani, na umetulia humo kama mgeni asiyejua kuaga. Mwaka ninaoukumbuka, katikati ya miaka ya hamsini, nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Mpunga wetu ulizama wote. Nyumba zilibaki juu ya mwinuko mdogo wa udongo, na kuku walihamia ndani tukalala nao. Tulikula samaki asubuhi, tukala samaki mchana, na jioni mama alipouliza tupike nini, tulicheka mpaka tukakohoa.

Baba yangu, Komora, alikuwa mkulima wa ukingoni kama wanaume wote wa kijiji, lakini ujanani aliwahi kuwa mwindaji, na uwindaji huo ndio uliomharibia jina. Zamani matete yetu yalikuwa na mnyama tuliyemwita tohe mweusi. Alikuwa na umbo la swala, kimo cha mbuzi, na ukanda mweusi kutoka shingoni mpaka mkiani. Akishtuka alipiga mluzi kwa pua. Baba alipomwoa mama alileta tohe wawili harusini, wakaliwa kwa wali, na watu wakamsifu mno. Tangu harusi hiyo hakuna aliyemwona tohe mweusi tena. Mzaha ukaanza. "Komora, tuachie hata sungura, wajukuu wetu nao waone mnyama," walikuwa wakimwambia msikitini, na baba akicheka nao. Mimi niliyekaa naye nyumbani nilijua kwamba kicheko hicho kilikuwa cha mdomo tu. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba Mungu atamuuliza.

Kabla ya mafuriko hayo, alifika kijijini Mzungu mmoja mtafiti wa wanyama, pamoja na mkalimani aliyevaa viatu visivyofaa kwa tope letu. Alitandaza mchoro juu ya jamvi. Wazee wakamtambua tohe mweusi mara moja, na macho yote yakamgeukia baba. Mkalimani akaeleza kwamba katika dunia nzima mnyama huyu amekwisha, imebaki ngozi moja tu sandukuni huko Ulaya. Lakini akipatikana hai, hata jike mmoja mwenye mimba, bwana huyu atajenga boma la waya, amtafutie dume, wazaane tena. Wageni walipoinuka baba alisimama nao. Ndipo akasema, "Mwambie nitamleta."

Mimi nilikuwa mtoto wake pekee, kwa hiyo mimi ndiye niliyekaa mbele ya mtumbwi. Maji yalipojaa, baba alifikiri hivi: kila mnyama wa matete atakimbilia sehemu kavu, na sehemu kavu zilizobaki ni vichuguu tu. Tulivizunguka kimoja baada ya kingine, siku baada ya siku, yeye akisukuma mtumbwi kwa upondo na mimi nikitazama. Tulikuta nyoka, tukakuta kenge, tukakuta panya waliorundikana mpaka kichuguu kikawa kinatikisika. Baba alinifundisha kupiga mluzi wa tohe kwa pua, na nilipiga mpaka pua ikatoka damu. Hakuna aliyejibu. Mwezi ulipokwisha mama alimwambia, bila ukali, kwamba mnyama huyo wamemla wenyewe na hakuna haja ya kumtesa mtoto. Baba alikubali kwa kichwa, na asubuhi iliyofuata tukatoka tena.

Tulimpata siku tuliyokuwa tumechoka hata kuzungumza. Alisimama peke yake juu ya kichuguu kisichotosha watu wawili, amezungukwa na maji, tumbo limeshuka, ukanda mweusi unang'aa mgongoni. Hakukimbia, kwa kuwa hapakuwa na pa kukimbilia. Baba aliweka upondo chini taratibu, akashika wavu. "Ana mimba," akaninong'oneza. "Mwanangu, ana mimba." Maana yake mahali fulani kulikuwa na dume, na ndani ya tumbo lile kulikuwa na wa tatu. Sikuwahi kumwona baba akilia kabla ya siku hiyo, na aliporusha wavu alikuwa akilia.

Tulimweka katika zizi la miti alilolijenga baba nyuma ya nyumba, likazibwa kwa makuti ili asiwaone watu. Siku ya kwanza alisimama kwenye kona, hakula. Siku ya pili alinusa matete tuliyomkatia, akatafuna kidogo, na baba akatangazia kijiji kizima kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Wale wa mzaha walikuja mmoja mmoja, wakachungulia, wakampa mkono. Siku ya tatu alfajiri baba alikwenda Garsen kutafuta lori la kumpelekea Mzungu habari. Mama alikuwa kilioni kijiji cha pili. Baba aliniambia nikae mlangoni mwa zizi, na jambo lolote likitokea nimwite baba mkubwa Abae, kaka yake.

Jua lilipopanda tohe alilala. Akainuka, akazunguka, akalala tena. Maji yakamtoka nyuma, nikadhani amejikojolea kwa udhaifu. Alinyoosha shingo chini, macho yakamtoka, pumzi zikawa fupi, na mwili wote ukawa unakaza na kulegea. Nilikimbia kama kichaa. Baba mkubwa Abae alikuja upesi, mtu mpole kuliko wote niliowajua, mtu aliyegawa samaki wake kabla hajaonja. Alimtazama, akashika kichwa. Lazima niseme hapa kwamba sisi hatukuwa wafugaji. Mbung'o waliwamaliza mbuzi wetu kila tulipojaribu, na Abae katika maisha yake yote hakuwahi kuwa na hata mmoja. Alijua samaki, mpunga na sala.

"Anakata roho," akasema. "Lete kisu, hima. Asije akafia mikononi mwetu, akawa kibudu."

Kwetu hakuna aibu iliyozidi hiyo, kuacha mnyama halali afe bila kuchinjwa na nyama yake iwe haramu. Nilileta kisu. Nilimshika miguu ya nyuma kwa mikono miwili, tukamwelekeza kibla, na Abae akasoma bismillahi kwa sauti ya mtu anayetenda wema. Alipompasua alimkuta mtoto, dume, amekamilika kwato na masikio, kichwa kimeelekea nje. "Masikini," akasema Abae, na akamfunga katika jani la mgomba.

Baba alirudi alasiri. Lori limepatikana, Mzungu atakuja. Abae alimweleza yote, na baba alisikiliza huku akitazama lile jani. Kisha akaniuliza swali moja tu, "Maji yalimtoka?" Nikasema ndiyo, alijikojolea. Halafu akamshika kaka yake bega, akasema, "Umefanya vizuri, kaka. Angekufa kibudu." Nyama iligawanywa nyumba kwa nyumba. Baba hakula. Mzungu alipofika alichukua ngozi na fuvu, na mkalimani hakutafsiri maneno aliyoyasema. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemtania baba tena, na nadhani angefurahi zaidi kama wangemtania. Tulizunguka vichuguu mafuriko mawili zaidi. Hatukuona hata unyayo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipozaa mara ya kwanza. Maji yaliponitoka niliaibika, nikamwambia mkunga nimejikojolea. Akacheka. "Hujajikojolea, mwanangu. Mtoto yuko mlangoni." Nilipiga ukelele mpaka mama akadhani uchungu umenizidi. Baba alikuwa nje, ukutani, na nikajua kwamba alikuwa amelijua jambo hilo la tohe miaka tisa, akala nami, akasali, akaniozesha, na hakunitamkia hata neno. Alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumwambia kwamba nami najua.

Siku hizi vijana wa utafiti huja kwa pikipiki na kamera ndogo wanazozifunga kwenye miti. Matete mengi yamekuwa mashamba, na mto wenyewe umepungua. Ni wapole, wana elimu, na hunikalisha kwenye kiti chao cha kukunja kwa sababu wameambiwa kwamba ni mimi tu niliyebaki kati ya waliomwona tohe mweusi kwa macho. Huniuliza nini kilimmaliza, wakishika kalamu. Mwaka jana msichana mmoja alinishika mkono akasema, "Bibi, tusaidie, labda bado wapo." Nikamwambia ni mafuriko. Akaandika.