Nilikwenda Kuwaona Tembo, Nikashika Mbwa

Mwaka niliomaliza kidato cha sita, kwetu Nyakato hatukuwa tunakula chakula cha jioni bila kubishana. Baba alikuwa amepunguzwa kazi katika kiwanda cha nguo, yeye na wenzake wengi, na tangu hapo kila kazi duniani aliipima kwa swali moja: watakupunguza au hawatakupunguza? Mimi nilikuwa nimesoma mchepuo wa kemia na baiolojia, na nilitaka kwenda chuo kikuu kusomea wanyamapori. Baba alitaka nisome udaktari wa binadamu.

"Wanabinafsisha kila kitu, Milembe," aliniambia. "Viwanda, mabenki, mabasi. Kesho watawabinafsisha hao simba wako, halafu wewe urudi hapa kuuza mitumba."

Mama, ambaye hapendi ugali upoe kwa sababu ya maneno, ndiye aliyepata dawa. Dada yangu Kabula alikuwa ameolewa na Magesa, askari wa wanyamapori, katika kijiji kimoja mbele ya Lamadi, pale ambapo mbuga inakaribia kabisa maji ya ziwa. "Aende kwa dada yake akaione hiyo kazi kwa macho," Mama alisema. "Akirudi bado anaitaka, tuzungumze." Baba alikubali haraka mno. Nilimjua: alikuwa anategemea vumbi na mbu wamfanyie kazi. Nami nilijua kwamba mwisho wa mwezi ilikuwa lazima niwe nimejaza fomu ya chuo na kuchagua shahada, na kwamba bila neno la Baba nisingethubutu kuchagua chochote.

Asubuhi ya safari, Mama alinipa sabuni na sukari za kumpelekea Dada, ingawa siku hizo maduka yalishajaa vitu mpaka vijijini. Mazoea ya miaka ya foleni hayatoki kirahisi. Basi la Musoma lilipita Nyakato likiwa limeshajaa, nikapata nafasi karibu na mama mmoja wa Magu aliyekuwa na debe la dagaa miguuni. Hakupoteza muda.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

Nikamweleza yote, tembo wangu na chuo kikuu changu. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima kubwa.

"Kwetu wanyama wanakula mahindi yetu," alisema, "na sisi tukipata nafasi tunawala wao. Sasa hapo katikati wewe unasoma nini?"

Abiria wote wa karibu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Baada ya Magu barabara ilianza kutuonyesha ubaya wake. Dereva alikuwa anayakwepa mashimo kwa kuingia mengine. Pembeni niliona wanunuzi wa pamba, kila mmoja na mzani wake na turubai lake, wakiwaita wakulima kama wauza samaki wa sokoni. Zamani palikuwa na mnunuzi mmoja tu, na bei moja. Upande wa kushoto ziwa lilionekana, likapotea, likaonekana tena, na mwambao wa Mwanza wenye mawe makubwa ukawa umebaki nyuma. Mbele kulikuwa tambarare tupu, na moyo wangu ukaanza kwenda mbio kwa furaha.

Mchana nilishuka kituoni na Dada Kabula alikuwa ananisubiri. Tulikumbatiana, akachukua begi, tukaingia njia ya kijijini. Mbele ya nyumba moja yenye zizi kubwa alikuwa amekaa mzee anasokota kamba ya katani. Nikapiga goti kidogo, kama nilivyolelewa.

"Shikamoo, baba."

Mzee akaendelea kusokota. Nikadhani hajasikia, nikarudia kwa sauti. Aliinua macho, akamtazama Dada, akanitazama mimi, akarudi kwenye kamba yake. Nimewahi kugombezwa na nimewahi kuchapwa, lakini shikamoo yangu haikuwahi kuachwa chini hivyo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Twende," Dada alisema. "Usimlaumu. Kijiji kimetutenga."

Nyumbani alinisimulia huku akichemsha chai, watoto wake wakicheza mlangoni. Miezi michache nyuma, Magesa alimkamata kijana wa mzee yule, Mzee Masunga, akiwa na nyama ya nyumbu, akampeleka mahakamani. Wazee wakakaa kikao. Tangu siku ile nyumba ya bwana nyama, ndivyo wanavyomwita askari wa wanyamapori kule, haikuuziwa maziwa, haikuazimwa chumvi wala moto, na salamu zake hazikuitikiwa. Ili mambo yaishe Magesa alitakiwa apeleke mbuzi kwa wazee. Magesa hakutaka hata kusikia.

"Mbuzi wa nini?" alifoka aliporudi. "Nimefanya kazi ya serikali!"

"Serikali haichoti maji kisima kimoja na mimi," Dada alimjibu. Tukanywa chai ya rangi, kijiji kizima kikiwa kimejaa ng'ombe.

Siku zilizofuata, shemeji alinipeleka kutembea naye mpakani mwa mbuga. Tembo hatukumwona hata mmoja. Tuliona kinyesi chake, nacho nilikitazama kwa adabu zote. Lakini pundamilia tuliwakuta wengi, na nyumbu, na swala granti wenye pembe ndefu, na nilisimama pale kwenye nyasi nikiwa sitaki kuondoka. Magesa alikuwa anaifahamu kazi yake na anaipenda. Kisha tulirudi kijijini, watu wakatupisha njia bila neno, na ile furaha yote ikaniishia. Niliogopa. Nilijiona mimi baada ya miaka kumi, na nyumba yangu, na chai yangu ya rangi. Nikawaza kwamba Baba ameshinda, wala hakuhitaji vumbi.

Katikati ya juma ilikuja gari ya wachanja mbwa. Ilisimama mbele ya ghala la pamba, akashuka mama mmoja mrefu wa Kihaya aliyevaa buti za mpira, Daktari Koku, daktari wa wanyama. Msaidizi wake alikuwa amebaki Lamadi na homa, hivyo akauliza kama kuna mtu asiyeogopa mbwa. Mimi mbwa nawaogopa kiasi, ila kukaa nyumbani niliogopa zaidi. Nikanyoosha mkono.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Mbwa walitoka kila upande, wamefungwa kamba, minyororo, hata khanga, wengine wakiburuta wenye nao. Kijiji kilichokuwa kimya kwangu kilikuwa kinapiga kelele za sikukuu. Wanawake walimletea daktari karanga, mtu mwingine akaleta kibuyu cha maziwa. Nami nilishika shingo za mbwa na kuita majina, na majina ndiyo yaliyokuwa tamasha lenyewe. Watu wa kule, ukiwa na neno ambalo huwezi kumwambia jirani usoni, unampa mbwa wako, halafu unamwita kwa sauti kila jioni. Nilishika Wivu, nikashika Mtachoka, nikashika Umejuaje, na wote walichomwa sindano sawasawa.

Kisha akafika Mzee Masunga na dume jekundu.

"Jina?" Daktari aliuliza.

"Bwana Nyama," alisema Mzee, taratibu, akinitazama mimi.

Watu walicheka, halafu wakanigeukia kuona nitafanya nini. Walijua mimi ni nani. Niliogopa, lakini yule mbwa alikuwa anaogopa kunizidi, masikio yameanguka, mkia umefichwa. Nikamkumbatia shingo. "Tulia, Bwana Nyama," nikamwambia. "Uchungu wenyewe ni mdogo, na wenzio wote wameupata." Akatulia. Mtu mmoja akacheka, lakini safari hii hakunicheka mimi.

Hapo hapo nikaona watu wanapishana, na Dada Kabula akaja amemburuta mbwa wao mweusi. Hakuna aliyemwita. Nilitamani kumwambia arudi.

"Jina?" aliuliza Daktari.

"Tumetumwa," alisema Dada, kichwa juu.

Watu walimgeukia Mzee Masunga. Nilielewa kwamba miezi yote ile, jioni kwa jioni, mzee alikuwa anaita mbwa wake upande huu wa njia na Dada anaita wa kwake upande wa pili, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao pekee. Mzee Masunga alimtazama mbwa mweusi, akatazama mwekundu. Mabega yakaanza kumcheza, akaangua kicheko mpaka akashika ukuta wa ghala.

"Na mumeo anajua kama mbwa wake anamwombea msamaha?" aliuliza.

"Hajui, baba," alisema Dada. "Nami usinisemee."

"Kesho lete chombo, uchukue maziwa ya watoto." Halafu akakunja uso tena. "Ya watoto. Yeye mwenyewe bado namdai kikao."

Jioni tulikwenda ziwani kunawa harufu ya mbwa, mimi na Daktari Koku. Nilimweleza shida yangu. Hakunionea huruma hata kidogo.

"Kila anayeniuliza anaanza na mnyama anayempenda," alisema. "Mnyama mwache. Niambie asubuhi unataka uamke uende kufanya nini, na nani atakuwa anakusubiri. Ukichukua zoolojia utamjua mnyama mpaka mfupa wa mwisho, uwe mtafiti au mwalimu. Ukichukua usimamizi wa wanyamapori utaendesha hifadhi, na doria, na kesi kama za shemeji yako. Na watu wa kazi hiyo lazima wawepo, usiwadharau. Utabibu wa wanyama ni mrefu kuliko shahada hizo zote, na mwaka wa kwanza utalia."

"Lakini hawa ni mbwa, Daktari. Mimi nataka wa porini."

"Mbwa akiugua anakwenda na ng'ombe malishoni, anakutana na mzoga, simba anakuja kwenye mzoga huo huo. Ugonjwa hauna habari na mpaka. Leo umewakinga simba ambao hujawaona."

Nilikaa pale nikiwa nimelowa mpaka magotini, na sikumbuki lini nimewahi kuwa na furaha kama ile.

Siku ya kurudi, nilidhani nitasindikizwa na Dada peke yake. Tulipopita kwa Mzee Masunga alikuwa amesimama, ameshika jogoo aliyefungwa miguu. "Wa kwako, dakitali wa mbwa," alisema, akanipa. Akaungana nasi, mke wake naye akaja, na wanawake wawili niliowashikia mbwa, tukaenda wote mpaka barabarani tukiongea mambo ya mvua. Shemeji Magesa alikuja nyuma yetu, mbali kidogo. Walisimama mpaka basi likaondoka. Njia nzima nilimpakata jogoo nikiwaza kwamba sikuwa nimechagua kati ya watu na wanyama. Nilikuwa nimeiona kazi ambayo ungeingia nayo kijijini asubuhi na watu wakatoka kukulaki.

Nyakato nilifika jua likielekea kuzama. Baba alimwangalia jogoo kabla ya kuniangalia mimi.

"Nani kakupa?"

Nikamsimulia bila kuficha: kutengwa, chai ya rangi, woga wangu, mbwa, na kwamba nataka utabibu wa wanyama, ule mrefu. Nilitegemea aulize kama watu wa kazi hiyo hupunguzwa. Hakuuliza.

"Walikusindikiza mpaka barabarani?"

"Mpaka basi lilipoondoka, Baba."

Baba akamchukua jogoo mikononi mwangu. Mama aliacha kufagia.

"Siku ile ya kiwandani," Baba alisema, "nilitoka getini peke yangu. Miaka yote ile, na hata mlinzi hakuinua kichwa." Akamfungua jogoo kamba ya miguu, akamwachia uani. "Iweke hiyo ya kwanza kwenye fomu, mwanangu. Kazi ya kusindikizwa mimi sikuipata."