Pale Mwanaume Ananyamaza Mbele ya Juji

Nakumbuka Jumapili moja ya zamani sana, mwanangu, na mbele ya kuendelea nikuambie wazi: hii habari inanionyesha mi mujinga. Kama unataka habari yenye muzee anashinda, enda kwa jirani yangu, yeye alishinda kila kitu hata malaria. Mi nitakupa ile yenye ninayo.

Ilikuwa ile miaka ya hamsini na kitu, Wabelgiji bado wako hapa. Gisenyi, muji wetu huu wa kando ya ziwa, ilikuwa ndogo; mutu akipiga chafya kwa mutaa wetu wa Waswahili, watu wa ziwani wanamuombea afya. Sinema ilikuwa inakuja na kamionete, gari ndogo ya mizigo, mara moja kwa miezi mingi, na picha ikifika inabaki Jumapili tatu. Tuliangalia kwa depo, ile ghala ya kahawa. Madirisha yanazibwa na magunia, shuka nyeupe inafungwa kwa ukuta, wanaume upande huu, wamama upande ule, na jua la saa nane linabaki inje. Ndani kunanuka kahawa, na jasho, na manukato ya wenye walikuja kuonekana zaidi ya kuona.

Picha zilisema Kifaransa. Watu hawasikie Kifaransa. Donc ilikuwa lazima mutu asimame kando ya shuka na kijiti, aseme kwa Kiswahili kile kinapita. Huyo mutu alikuwa mi. Musemaji. Nilikuwa na miaka makumi mbili, masomo yangu yaliishia mwaka wa tano wa shule ya msingi, lakini mudomo wangu ulikuwa umeshafika universite. Kile nilisikia nilikisema, kile sikusikia nilikitunga, na nikupe siri: watu walipenda zaidi kile cha kutunga. Farasi wakipita, niliwapa majina ya manyapara wa mujini. Muzungu akibusu bibi yake, niliwaambia wamama anamutafutia jino bovu. Depo ilikuwa inatetemeka.

Bon. Mwaka ule ikakuja picha ya tribinali, ya kesi mahakamani. Kuna musichana mumoja, mutumishi kwa nyumba ya tajiri. Nyumba imeungua, wanasema ni yeye aliiwasha. Anakana, lakini hataki kusema alikuwa wapi ile saa. Sisi wenye tunaangalia tunajua: alikuwa na mutoto wa ule tajiri, kijana mwenye alishachumbiwa binti mwingine wa cheo. Akimutaja, anamuharibia maisha. Asipomutaja, anaenda gereza. Basi wanamuita kijana kutoa ushahidi. Juji anamuuliza: ile saa ya moto, wewe ulikuwa wapi?

Na kijana ananyamaza.

Mwanangu, kazi yote iko hapo. Hakuna muziki. Unaona mukono wake juu ya ubao, kidole kimoja kinatafuta kitu cha kushika. Unaona baba yake, kofia juu ya magoti. Unaona musichana: haangalie kijana, anaangalia viatu vyake, kama mutu mwenye anasema usijisumbue. Inadumu, inadumu. Kisha kijana anasema maneno mawili: nilikuwa naye. Basi.

Watoto wenye wanapenda sinema siku hizi wananiuliza ni nini inafanya mahali pa tribinali pabaki kwa kichwa cha mutu miaka yote. Wao wanafikiri ni avoka, ule wakili, akipiga meza, ao barua yenye inatoka mufukoni dakika ya mwisho. Mi nawaambia, pale sisi wote tulishajua jibu. Hakuna mwenye alikuwa anangoja kujua kijana alikuwa wapi. Tulikuwa tunangoja kuona kama atasema, na baba yake akiwa amekaa palepale. Jibu lenye halimupokonyi mutu kitu, mwanangu, hiyo ni salamu tu.

Lakini hayo nilijifunza kwa kuchelewa. Ile Jumapili ya kwanza, kimya kile kilinitia woga. Musemaji akinyamaza watu wanafikiri amelala. Wazee wanasema kimya kingi kina mushindo. Mi nilidhani ni mushindo wa njaa. Nikanyoosha kijiti, nikasema kijana anawaza kuku yake yenye aliiacha ndani ya moto. Depo ikapasuka. Yale maneno mawili hakuna mwenye aliyasikia.

Upande wa wamama kulikuwa Mwamini, binti wa fundi Shabani, ule fundi wa nguo mwenye cherehani mbili barazani. Nikuambie nini juu ya Mwamini? Alikuwa na namna yake ya kusikiliza. Akiwa anachambua muchele, ukianza kusema naye, vidole vinasimama. Watu wote walinicheka; yeye peke yake alikuwa ananisikiliza. Tulipendana miezi sita kwa siri, na mara moja, moja tu, tulienda Rubona kuangalia mitumbwi ya wavuvi ikirudi asubuhi. Nyumbani aliaga anaenda kwa shangazi. Tulikaa juu ya jiwe, tukakula ndizi za kuchoma, akanicheka vile ninaogopa maji. Hakuna kibaya tulifanya, Mungu ananiona. Lakini siku zile, musichana wa mutaa wetu kukaa juu ya jiwe na kijana, hiyo peke yake ilitosha.

Katikati ya wiki aliniita nyuma ya ua, tukasemezana kupitia matete.

"Jumapili, pale ule mwanaume ananyamaza, na we unyamaze," akaniambia. "Nataka kumuona."

Nikamuuliza ataona nini, mutu amefunga mudomo tu.

"Ndiyo. Nataka kuona vile anaufunga."

Nikamujibu watu wanakuja sababu ya mudomo wangu, hawakuje kuangalia Muzungu akimeza mate. Akacheka kidogo, kile kicheko cha kumuhurumia mutu, akaenda zake.

Jumapili ya pili depo ilijaa mpaka mulangoni, watu wamekuja kusikia kuku. Sasa, mutu wa kuchekesha iko na shida moja: muzaha wa juzi ni ugali wa juzi, lazima upike mwingine. Kimya kikafika. Niliona macho yote yanatoka kwa shuka yanakuja kwangu, na ulimi, yewe, hauna mufupa. Nikamutilia ule kijana maneno yangu mudomoni. Nikasema: "Bwana juji, nilikuwa naye Rubona, juu ya jiwe, tunakula ndizi, na kwao aliaga anaenda kwa shangazi."

Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa na mwiba ndani. Kilianzia kwa wanaume. Kufika upande wa wamama kikageuza vichwa. Kichwa kimoja kilimugeukia Mwamini, kisha kingine, kisha musitari muzima. Kumbe kulikuwa muuza samaki mwenye alituona ile siku, na habari yake ilikuwa inatembea mutaani bila miguu. Mi ndiye niliipa miguu, na kijiti mukononi.

Kesho yake alasiri fundi Shabani aliniita. Nilipofika barazani nilikuta cherehani zote mbili zimefunikwa, na hiyo ilinitisha kuliko fimbo, sababu ule mutu hakuwa anafunika cherehani hata akiwa na homa. Wazee wawili wa musikiti walikuwa wamekaa kwa benchi. Mama yake fundi, Bibi Mwajuma, alikuwa mukekani. Mwamini alisimama kwa kizingiti, mbele yangu kabisa, hatua nne tu, amejifunika leso.

Fundi hakupandisha sauti. Alisema kuna maneno amesikia, na yeye hanunue maneno njiani, ananunua kwa mwenye duka. Akaniangalia.

"Mwanangu, ile siku ya Rubona, ulikuwa na binti yangu?"

Wote walijua. Wazee walijua, bibi alijua, hata zile cherehani chini ya nguo zilijua. Ule baba hakuwa anatafuta habari kwangu. Alikuwa ananipa mahali pa kusimama kama mwanaume na kusema ndiyo, na ninamutaka, nipeni adabu halafu munipe na yeye. Mi sikuona mahali. Niliona kimya tu, kinakuja, kinajaa baraza. Mwamini aliinua uso. Hakuangalia chini kama ule musichana wa picha. Aliniangalia mi, na mikono yake ilikuwa imesimama, inasikiliza.

Nikasema: "Baba, pale Rubona mi nilikuwa na samaki. Kama kuna mumoja alivaa leso, sikumutambua."

Muzee mumoja alicheka. Hata ndevu za fundi zilitikisika kidogo. Ndiyo hiyo iliniua, mwanangu, kwamba nilishinda. Fundi akasema haya, tumesikia, akaniomba samahani kwa kunisumbua, akanitakia njia njema. Kwa kizingiti hakukuwa mutu tena.

Afadhali wangenipiga. Siku mbili zilipita, tukasikia kuna mufanyabiashara wa Bukavu, alikuwa amemuposa Mwamini tangu zamani bila kujibiwa, sasa amejibiwa. Ndoa ikafungwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi wakapanda meli. Nilisimama nyuma ya magunia ya viazi ya wakulima wa Bugeshi, sababu sikuwa na haki ya kusimama mbele. Leso yake ilikuwa ya kijani. Ilikuwa kubwa kama jani la ndizi, kisha kama jani la chai, kisha ilikuwa ziwa tu.

Wageni wanakuja hapa wanasema ile ziwa ni nzuri. Mi miaka mingi niliiangalia kwa kuhesabu: akitoka kule na meli ya asubuhi, alasiri atakuwa amefika. Hakuna siku nilihesabu vibaya. Hakuna siku alifika. Hata sasa nikisikia honi ya meli, mukono wenye umeshika kikombe unasimama kwanza. Tabia yake hiyo, ilibaki kwangu.

Jumapili ya tatu ilikuja siku mbili baada ya ile meli. Nilienda sababu nilishamuahidi mwenye sinema Jumapili zote tatu. Farasi walipita bila majina, Muzungu akabusu bibi yake bila mutu kumusumbua, na watu wakaanza kunung'unika. Ikafika tribinali. Juji akauliza, kijana akanyamaza, na mi nikafungua mudomo. Koo likakataa. Usinisifu, haikuwa hekima. Lilikataa tu, kama mulango wenye umevimba na mvua. Depo nzima ilinigeukia, ikaningoja. Halafu pole pole wakaniacha, wakarudi kwa shuka. Nilisikia mashini ikizunguka, nilisikia mutoto akinyonya.

Ndipo nilimuona ule mwanaume, mara ya kwanza. Hakuwa anatafuta jibu. Jibu alikuwa nalo tangu zamani. Alikuwa anaaga: baba yake, nyumba, jina lake, kimoja kimoja. Alipomaliza kuaga ndipo akasema, na mi nikasema naye kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo: nilikuwa naye.

Hakuna mwenye alicheka. Mupakiaji mumoja wa magari, mutu mukubwa kama kabati, alikuwa anapangusa macho na kofia. Wale wenye wangali hai hapa mujini, uwaulize. Farasi wangu wamewasahau, kuku imeungua zamani. Ile dakika wanayo bado.

Inje, Bibi Mwajuma alikuwa kando ya mulango. Nilitaka kumuamkia haraka na kupita, akanishika mukono. Bila hasira aliniambia mwanawe hakuniita barazani kunifedhehesha. Kanzu ya bwana harusi alikuwa ameshaikata, kwa kipimo changu, alinipima kwa macho tu nikiwa ninapita na mizaha yangu. Alitaka neno moja aianze kuishona. Sasa imeshonwa, na chini imekunjwa sana, sababu ule wa Bukavu ni mufupi.

Basi sikia, mwanangu. Sikukatazi muzaha, mi mwenyewe nitaufanya hata siku ya kufa kama malaika iko na subira. Lakini usiuweke kati yako na mutu mwenye anakungoja. Mutu akikuuliza kitu chenye nyote munajua, ujue hataki habari, anataka kukuona wewe. Umupe. Kimya kikija, kiache kije, usikimbilie kukijaza kama mutu anayeziba paa; humo ndani kuna kitu unapaswa kukiaga, na ukimaliza kukiaga, neno litatoka lenyewe, fupi. Na kama unamupenda binti ya mutu, useme mbele ya baba yake, hata na sauti ya kutetemeka. Majuto ni mujukuu, wanasema. Mi nakuambia ule mujukuu haondoke nyumbani, anakula na we, anazeeka na we.

Baraka yangu mwenyewe ni ndogo, ya mutu wa masomo ya mwaka wa tano. Nitakupa ile nilipewa, nimeitunza vizuri. Pale mulangoni pa depo, habari ya kanzu ilipoisha, nilitafuta muzaha wa kumujibu na sikuupata. Bibi Mwajuma alingoja mpaka akaona kweli sina. Akanipapasa kiganja, akasema:

"Enda, mujukuu wangu. Mungu akupe siku ingine ya kuulizwa."