Fulana za Mjomba

Mdogo wangu aliletwa nyumbani Makorora ndani ya sanduku lililofunikwa bendera, akitokea mpakani kusini alikopelekwa na kikosi chake. Mimi na binamu yetu ndio tuliomwosha. Tundu la risasi lilikuwa katikati ya kifua. Mgongoni hapakuwa na tundu, palikuwa na shimo la kuingia ngumi. Nilikuwa naziba kwa pamba na pamba inalowa. Nilitapika kando ya ufuo, mtaro uliochimbwa uani kupokea maji ya maiti, nikasukutua, nikaendelea.

Vitu vyake vilikuja kwenye begi. Juu kabisa ilikuwa fulana ya kuzuia risasi, imeganda damu. Askari aliyemsindikiza, wa rika lake, aliniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, tuliambiwa risasi haipiti." Nikachomoa bamba la kifuani, nikaliweka sakafuni na kulipigilia msumari wa kupaulia. Ulipenya kwa pigo la kwanza.

Fulana hizo aliziuza mjomba wetu, kaka yake mama. Alijisifu mwenyewe siku ya Idi, akila pilau kwetu: kapata tenda ya jeshi, na mambo ya jeshi ni siri, hakuna wa kuukagua mzigo ila wakubwa aliokwisha kuwapoza. Tulicheka wote, Mungu atusamehe. Nyumba yake ya Chumbageni ikaota ghorofa.

Kwetu, mjomba ndiye hushuka kaburini kumpokea mtoto wa dada yake. Basi akaja, kanzu nyeupe, sanda ya bei kwapani, analia kwa sauti kuwashinda wanawake. Nilimpokea kwa lile bamba. Pigo la kwanza lilimpata mdomoni, likang'oa meno. La pili lilichana sikio. Akaangukia ufuoni, kwenye yale maji, nami nikampanda kifuani na kumkaba koo. Nilitaka afe. Sitafuti maneno mazuri ya kulisema hilo, nilitaka tuzike wawili. Macho yalikuwa yameanza kumtoka wanaume waliponivuta na kunibana ukutani.

Kelele zilimtoa mama ndani. Alipita katikati ya wanaume, kanga kichwani, hakumtazama mtu. Akachutama mbele ya kaka yake aliyekuwa ametapakaa tope na damu.

"Kaka, ulijua kuwa fulana hizi ni mbovu?"

Mjomba alitema damu kwanza.

"Dada yangu, mimi nilimpa mkubwa wake pesa ili mwanao abakizwe ghalani, asipelekwe mbele. Alipokea. Wallahi alipokea kwa mikono yake miwili. Kumbe kanidhulumu."

Alilisema kwa uchungu wa kweli, kama mtu aliyeibiwa sokoni. Nadhani aliamini kabisa kwamba amejitetea.

Mama aligeuka, akamwangalia yule askari aliyekuwa amesimama na kofia mkononi karibu na mlango.

"Na huyu mwana wa watu," akamuuliza kaka yake, "yeye ulimlipia nani?"

Mama akainuka, akakung'uta tope kwenye kanga yake, na kuwaambia wale walionishika waniachie.