Bingwa wa Mashoto

Julai ya Mafiga ilinukia karoti zenye udongo mbichi. Malori ya mboga kutoka Mgeta yalipita mtaani kwetu yakielekea Dar es Salaam, na baridi ya milima ya Uluguru ikashuka nyuma yao kama iliyoomba lifti. Ilikuwa miaka ya soko huria. Kiwanda alichofanyia kazi baba kilikuwa kimeuzwa, yeye akapunguzwa kazi. Na jirani yetu Mama Zaituni, fundi cherehani, akanunua televisheni ya kwanza mtaani, antena yake akaipandisha juu ya mti mrefu wa mwanzi.

Nilikuwa binti wa miaka tisa, tena mashoto. Kila alasiri baba alinifunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga ili niandike kwa wa kulia. Hakuwa mkali, aliogopa tu. “Mwanangu, nani atakupa kazi ukimpokea kwa mkono wa chooni?” aliniambia, huku akikaza fundo taratibu asiniumize. Herufi zangu zilitambaa kama jongoo, na mwalimu akanichapa kwa ajili ya mwandiko mbaya, hata nikaanza kuamini kwamba mimi ni mjinga.

Siku moja nilimkuta Mama Zaituni akitazama tenisi iliyochezwa kwenye majani, huko Uingereza. Picha ilijaa chenga, mpira tuliubahatisha. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: watu wale walihesabu kumi na tano, thelathini, kisha arobaini, na hakuna aliyewasahihisha. Lakini mimi niliona jambo jingine. Dada mmoja mrefu, aliyevaa nguo nyeupe tupu, alishika raketi kwa mkono wa kushoto. Tangu hapo nilikuwa wake. Kila aliposhinda nilitoroka kwenda kumtazama tena, mpaka akafika fainali.

Siku ya fainali dada yule alishindwa seti ya kwanza vibaya. Hapo ndipo baba alipotokea mlangoni, kipande cha kanga mkononi.

“Shikamoo baba,” nilisema, nikificha mkono wa kushoto mgongoni.

“Marahaba. Twende ukaandike.”

“Kaa kwanza, Baba Rehema,” alisema Mama Zaituni, akimsogezea kigoda. “Mtazame huyo anayechapwa.”

Baba alikaa kwa adabu tu. Seti ya pili dada yule akaamka. Mipira yake ilipinda kuelekea upande ambao mpinzani hakuutegemea, na majani yaliyochakaa yakaizidishia kasi. Baba akainama mbele. “Mbona mwenzake haioni?”

“Ni mashoto, baba,” nilisema.

Seti ya tatu baba alikuwa amesimama, akipiga mapaja yake kwa viganja, na mpira wa mwisho ulipomshinda yule mwingine, alipiga yowe kuliko sisi sote. Bingwa akakabidhiwa sinia la fedha, akalinyanyua juu. Mwenye macho haambiwi tazama. Baba alinigeukia, akachukua chaki ya Mama Zaituni ya kuchorea vitambaa, akaiweka katika kiganja changu cha kushoto.

“Andika jina langu.”

Nililiandika sakafuni, herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride. Aliinama akalisoma. “Kumbe nilikuwa nakufunga akili,” alisema. Jumatatu alivaa shati lake la kiwandani, akanishika mkono hadi shuleni, akamwambia mwalimu mbele ya darasa zima, “Huyu ataandika kwa mkono alioumbiwa.” Muhula ule nilishika namba tatu.

Leo mimi ni mwalimu katika shule ya Kilakala, na ninaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Wanafunzi wangu, wakiwa nyumbani, hutazama michezo yote ya dunia kwenye simu, picha safi, kila mmoja peke yake. Darasani ninao mashoto wanne. Hakuna anayewacheka, hakuna anayewafunga. Hawajui hata kwamba palikuwa na mchezo, na kwamba wao ndio walioshinda.