Mkandaji wa Landi za Reli

Kila jioni yule mama mkandaji aliingia chumbani mwa Mzee Obura, katika landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli pale Nakuru, akaisugua samli viganjani mpaka ipate moto, kisha akaanzia kisiginoni. Hakuwa na haraka. Mikono yake mipana ilipanda polepole hadi gotini, ikatulia hapo, kama mgeni aliyebisha hodi na sasa anangoja kuitikiwa. Alisema na goti, si na mwenyewe. "Wewe, fungua. Umelala tangu mvua za mwaka jana." Mzee akibana pumzi, alimtania mpaka acheke, na katikati ya kicheko ndipo alipounyoosha mguu kidogo zaidi. Mzee alitaka jambo moja tu: kumpeleka binti yake Adero madhabahuni kwa miguu yake mwenyewe. Joash, mdogo wake Obura, alikuwa ameshashona suti. "Wewe keti tu, mzee. Mimi nitamshika mkono."

Siku ya harusi walimteremsha Obura kwenye baiskeli, wakamkalisha mlangoni mwa kanisa. Mkandaji akainama, akambonyeza nyuma ya goti kwa kidole gumba. "Haya, nenda. Mimi nimemaliza."

Obura akasimama. "Joash, kakae," alisema. "Usije ukachosha suti." Akatembea, Adero ubavuni, viatu vikilia juu ya saruji. Alipofika mbele, kigelegele kilipasuka kutoka viti vya nyuma, kirefu, kisichojua adabu ya kanisa. Mchungaji alifunga kitabu, akangoja kiishe. Alingoja sana.