Miaka Mitano Niliyoikata

Kamati ya klabu ilinituma mimi nikamwambie kocha aache kazi. Nilikuwa kapiteni, na prezida wa klabu, mfanyabiashara wa mabati hapa Beni, aliona kwamba maneno hayo yakitoka kwangu hayatamuuma sana. "Weye anakusikia," aliniambia. "Uko kama mutoto wake."

Ni kweli muzee alikuwa amechoka. Majina ya wachezaji wapya hayakukaa tena kichwani mwake. Wiki chache kabla ya hapo, katikati ya mechi, alisimama kando ya uwanja akimwita kwa nguvu beki fulani arudi nyuma, na beki huyo alikuwa ameacha mpira zamani. Vijana walicheka huku wakiangalia chini. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nimecheza pamoja na huyo aliyeitwa, tulikuwa tukilala chumba kimoja safarini.

Jumamosi asubuhi nilipanda pikipiki kutoka Beu, nilikopanga nyumba, hadi kwake Mulekera. Nilimkuta ameinama juu ya shitingi, turubai la kuanikia, akigeuzageuza kakao yake juani kwa mikono. Hakusimama kunisalimia. Aliniambia nianze upande ule mwingine, tukutane katikati. Nikavua viatu, nikaanza kugeuza.

"Bamekutuma," alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Niache."

"Ndiyo."

Akaendelea na kazi. Nilikuwa nimetayarisha maneno marefu ya heshima njia nzima, na sasa hayakuwa na kazi tena.

"Mi niko na myaka makumi saba na tatu," alisema. "Nakuambia ya kweli. Na weye, uko na ngapi?"

"Trente et un," nilijibu, thelathini na mmoja.

"Hapa hakuna mutu wa ligi. Sema."

"Trente-six." Thelathini na sita.

Alitikisa kichwa polepole. Alijua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote, kwa sababu yeye ndiye aliyeitengeneza.

Nilikuja kwake nikiwa na miaka ishirini na miwili, kutoka Kirumba, sina jina, sina mtu wa kunisemea. Alinitazama nikicheza nusu saa, akaniita pembeni. Alisema miguu yangu ni mizuri, ila hakuna klabu kubwa itakayomtafuta mtu wa umri wangu ambaye hajulikani. Wiki iliyofuata nilikuwa na cheti kipya cha kuzaliwa, na humo nilikuwa na miaka kumi na saba. Wenzangu wengi walikuwa na vyeti vya namna hiyo. Tulikuwa na umri wa nyumbani na umri wa mpira, na hatukuona aibu.

Nilipompelekea mama yangu habari kwamba nimesajiliwa, alifurahi. Kisha akaomba kuiona hiyo karatasi. Mama anajua kusoma. Alisoma kwa masista. Aliisoma mara mbili akiwa amekaa karibu na magunia yake ya maharage, akanirudishia.

"Baba yako alikufa ukiwa na myaka tatu," alisema. "Hii karatasi inasema nilikuzaa myaka mbili kiisha kumuzika. Sasa nilikuzaa na nani?"

Sikuwa nimepiga hesabu hiyo. Nilimwambia ni karatasi tu, hakuna atakayeifikiria. Hakugombana nami. Lakini kwa miaka kumi na minne niliyocheza mpira, hakuja hata siku moja kuniona uwanjani. Nilijiambia ni kwa sababu ya umbali.

Ile klabu kubwa haikuja kamwe. Nilibaki Beni, beki wa kati, na ile miaka mitano niliyoikata ilinisaidia tu kuchelewa kustaafu.

Tulipomaliza kugeuza kakao, kocha alinyoosha mgongo kwa shida. "Nitaacha," alisema. "Kiisha mechi ya Butembo. Lakini ile mechi ni mimi nitapanga timu. Mutu asiniulize neno."

Nilikubali upesi. Niliona nimepewa kwa urahisi kile nilichotumwa.

Wakati ule barabara ya kusini, ya kutoka Kirumba, ilikuwa bado inapitika kila siku, na nilimtumia mama ujumbe. Nilimwambia ni mechi ya mwisho ya kocha, na pengine na mimi sitacheza miaka mingi tena. Aje Butembo anione angalau mara moja. Sikutegemea jibu. Alijibu kwamba atakuja na binti wa dada yake.

Siku ya mechi kulikuwa na ukungu na baridi ile ya Butembo ambayo sisi wa Beni huilalamikia. Tulivalia katika darasa la shule iliyo karibu na uwanja. Kocha alisimama mbele ya ubao akasoma majina kutoka kwenye karatasi, polepole, bila kukosea hata moja. Jina langu halikuwemo. Nafasi yangu alipewa kijana wa miaka kumi na saba aliyejiunga nasi mwaka ule. Huyu alikuwa na miaka kumi na saba ya kweli. Mama yake alikuwa amemleta mwenyewe, na bulletin, ripoti zake za shule zenye tarehe ya kuzaliwa, mkononi.

Nilivua kitambaa cha ukapiteni nikakiweka juu ya dawati, na mtu mwingine akakichukua.

Nilikaa kwenye benchi karibu na muzee. Upande wa pili wa uwanja nilimwona mama, amejifunika kitenge kichwani, akinitafuta kati ya wale waliokuwa wakikimbia.

"Mama yangu iko pale," nilisema. "Ni mara ya kwanza."

Kocha aligeuka akanitazama. Niliona kwamba hakujua. "Unisamehe," alisema. Kisha akarudisha macho uwanjani, na hakubadilisha kitu.

Kipindi cha kwanza kilipokaribia kwisha, yule kijana alifuata mpira badala ya mtu, mshambuliaji wao akampita, tukafungwa. Sitaki kuficha nilichohisi. Nilifurahi. Nikatazama chini ili muzee asiione furaha hiyo. Nadhani aliiona.

Mapumzikoni kijana alikaa kwenye dawati la nyuma, jezi imefunika uso. Kocha alinisogelea. "Mi nikimuambia, atasikia muzee anamugombeza," alisema. "Enda weye."

Sikutaka. Nilikwenda kwa sababu wote walikuwa wakinitazama. Nilikaa karibu naye nikamwambia yale niliyokuwa nimeyaona tangu dakika za mwanzo: yule mshambuliaji anadanganya kwa mabega, lakini kiuno chake hakidanganyi, kila mara anageukia kushoto. "Usiangalie mupira. Angalia kiuno. Na usimukaribie sana, ataona unaogopa."

Akajifuta uso. Siku zote alikuwa akiniita Yaya, kama kaka mkubwa. Siku hiyo alinishukuru akisema, "Merci, Papa."

Alitambua alichosema, akashtuka. Mtu mmoja alicheka kidogo, akaacha. Nilimgonga begani, nikatoka nje kupata hewa. Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Ningeweza kabisa kuwa baba yake. Cheti changu ndicho kilichokuwa kikikataa.

Kipindi cha pili hakupitwa tena. Tulisawazisha kwa kona. Zikiwa zimebaki dakika kumi, kocha aliniuliza kama nataka kuingia.

"Unamutoa?"

"Hapana. Utasimama mbele yake."

Niliingia. Niligusa mpira mara nne au tano, na mara moja nikaupiga nje kwa sababu mguu ulichelewa. Mama alikuwa amesimama. Mechi ikaisha sare.

Baadaye mama alikuja kunisalimia, na kocha alikuwa papo hapo akikusanya mipira. Nilimtambulisha. Mama alimtazama kwa muda kabla ya kunyoosha mkono.

"Ni weye uliandika kama nilizaa kiisha bwana yangu kufa?"

Muzee alivua kofia. Sikuwahi kumwona bila kofia. Kichwa chake kilikuwa cheupe chote. "Ni mimi, Mama," alisema. "Sikufikiri. Niliwaza mupira tu."

"Kwa mupira alicheza dakika kumi."

"Leo, ndiyo."

Mama alitua kikapu chake chini. Kisha akamwuliza kama amekula, kwa sababu alikuwa amebeba viazi na maharage katika kikapu, na hapakuwa na sababu virudi Kirumba. Tulikula watatu, tumekaa kwenye ngazi za lile darasa, na binti wa dada yake akitugawia. Hawakuzungumza tena juu ya karatasi. Waliongea juu ya kakao.

Mwisho wa msimu huo niliacha kucheza. Karani wa komini anayeandika vyeti vya kuzaliwa alinihoji asubuhi nzima kabla ya kunirudishia umri wangu, na muzee alikuja kutia sahihi kama shahidi wa uongo wake mwenyewe. Klabu ilimpata kocha wa miaka ishirini na tisa, mtu wa bidii, anayeandika kila kitu kwenye simu. Mimi namsaidia upande wa mabeki.

Yule kijana alichukuliwa na klabu ya Kinshasa. Nilimsindikiza hadi kwenye ndege. Wiki mbili baadaye alinipigia simu, sauti yake ikiwa chini.

"Papa, huku banasema nimekata myaka. Nimebaonyesha kila kitu, hapana kuamini. Kesho banapiga mukono radio, baone mifupa."

Nilimwambia asiogope hiyo picha ya eksirei, mifupa yake itasema umri uleule anaosema yeye.

"Lakini kwa nini bananifanyia hivi? Mi sikudanganya."

Vijana wangu wa mazoezi walikuwa wakinisubiri uwanjani, wamekwisha kujipanga.

"Ni sababu yetu," nilimwambia. "Sisi benye tulitangulia."