Sufuria Mbili za Jenerali

Dada yangu anapika kantini ya kiwanda cha nguo, na mafundi cherehani wote pale wanamwita Jenerali. Kwake hakuna kurukia foleni, hata ukiwa meneja. Mimi ni mdogo wake, na nasema waziwazi: najivunia dada yangu mpaka watu wananichoka.

Alipoteleza jikoni akavunjika kifundo cha mkono, nilijua maneno yatakuja. Yakaja kweli. Alipotolewa plasta tu, meneja akamwita. Siku za tambi, lile sufuria kubwa la kantini hubebwa na watu wawili kwenda kumwaga maji, na yeye sasa hakuweza kushika upande wake.

"Tutakuhamishia kuosha vyombo," meneja akasema. "Tena hata kabla hujaumia, tambi zako zilikuwa zinatoka rojorojo."

Loo! Mtu amepika miaka yote hiyo, leo akasugue sahani? Nilitaka kwenda kumpasha yule bwana, dada akanizuia. Yeye aliomba jambo moja tu. Sufuria lile limetoboka na jipya lazima linunuliwe, basi alichague yeye, apike tambi mara moja, ndipo wamhukumu. Meneja akakubali, akatoa hela ya sufuria moja kubwa.

Dukani nikaenda moja kwa moja kwenye jisufuria linalong'aa, unaweza kumwogeshea mtoto humo. "Hili hapa! Mpishi wa watu wengi, sufuria lake lionekane."

Dada akaligonga kitako, likalia kama kopo. "Jembamba. Tambi zitashika chini." Jingine lilikuwa la chuma cha pua, zuri ajabu. Tulipotajiwa bei tukaliaga kwa heshima.

Kisha akaona masufuria ya wastani, marefu kwenda juu, ya aluminiamu nene, masikio ya kushikia yamepigiliwa kwa ribiti imara. Akamgeukia muuzaji. "Kaka, naomba maji."

"Ya kunywa?"

"Ya kujaza sufuria."

"Dada, hapa ni dukani, si bombani."

"Nitalibeba likiwa na maji. Nikilijaribu tupu nitajuaje?"

Muuzaji akaleta ndoo huku amenuna. Dada akajaza, akanyanyua, likamlemea. Akapunguza maji kidogo, akanyanyua tena, akatembea nalo mpaka mlangoni na kurudi, jasho linamtoka.

"Nipe mawili," akasema.

"Mawili!" nikamaka. "Jiko la kiwanda na visufuria vya nyumbani? Utachekwa, dada."

"Wacheke wakiwa wameshiba."

Wakavutana bei mpaka muuzaji akanyoosha mikono. Tukaondoka na sufuria mbili kwa hela ya lile moja, na chujio juu yake.

Siku ya tambi ilipofika nilijipenyeza jikoni kwa kisingizio cha kumenya vitunguu. Meneja alikuwa amesimama na wapakiaji wawili wenye vifua, tayari kudaka sufuria ikimponyoka dada. Dada hata hakuwatazama. Maji ya sufuria ya kwanza yalipochemka sawasawa akatia chumvi, akasimamisha tambi humo, zikalegea zenyewe na kuzama bila kuvunjwa. Baadaye kidogo akaanza ya pili.

Ya kwanza ilipoiva akakunja vitambaa, akashika masikio, akanyanyua peke yake. Wapakiaji wakasogea. "Kaeni huko!" Akamwaga kwenye chujio, zikatoka zote kwa mkupuo. Hapo ndipo nilipoelewa. Katika lile sufuria kubwa, wabebaji walipokuwa bado wanatafutana, tambi za chini zilikuwa zinazidi kuiva. Rojo halikuwa la dada yangu hata siku moja!

Zamu ya kwanza wakala, wakalamba sahani. Zamu ya pili, waliozoea kupata donge la baridi, wakapata zao za moto kutoka sufuria ya pili. Meneja alikula, akarudi kuongeza.

"Jenerali," akasema mbele ya watu wote, "jiko ni lako."

Mafundi wakapiga meza mpaka vijiko vikaruka. Dada akawapa mgongo, akainamia sufuria.

"Dada, vipi?"

"Moshi," akasema, anajifuta macho.

Moshi wa wapi, na pale wanapikia gesi? Nikamshika yule mkono uliovunjika, nikalia naye, wala sikusingizia kitu.